Jino la Kupandikiza kwa Mtu wa Meru Aliye Ughaibuni

Kipandikizi cha jino ni skrubu fupi ya titani, aghalabu yenye urefu wa milimita 8 hadi 13, inayozamishwa ndani ya mfupa wa taya mahali ulipokuwa mzizi wa jino lililotoka. Juu yake hufungwa kiungo kidogo kinachotokeza kwenye ufizi, na juu ya kiungo huvishwa taji la kauri, ambalo ndilo sehemu pekee inayoonekana mtu anapocheka. Mbinu hii ni matunda ya kazi ya mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, aliyebaini kwamba mfupa hai huishika titani moja kwa moja bila kuweka utando katikati. Mgonjwa wake wa kwanza alitibiwa Gothenburg mwaka 1965, na baada ya mkutano wa wataalamu uliofanyika Toronto mwaka 1982 tiba hiyo ikaenea duniani. Leo zaidi ya vipandikizi tisa katika kila kumi huwa bado vimekaa imara baada ya miaka kumi, mradi mgonjwa amepimwa vizuri na kinywa kinatunzwa.

Mtu aliyekulia kwenye miteremko ya Mlima Meru, iwe Ngarenanyuki, Maji ya Chai, King'ori au mitaa ya jiji la Arusha, kisha akahamia London, Muscat au Minneapolis, huifikia tiba hii akiwa na mambo matatu ambayo daktari wa huko hayategemei. Meno yanayopakana na pengo lake yameumbwa kwa maji yenye floraidi nyingi. Pengo lenyewe mara nyingi ni la zamani, pengine la tangu utotoni, na mfupa wa chini yake umekonda. Tena ndugu zake, fedha zake na likizo zake zimegawanyika kati ya nchi mbili, ilhali kipandikizi kinataka kufuatiliwa kwa miezi mingi na daktari yuleyule. Bei ndiyo huulizwa kwanza, lakini haiwezi kupata jibu la maana kabla ya hayo matatu kueleweka.

Floraidi ya Meru inatoka kwenye mlima wenyewe. Volkano hiyo yenye kimo cha mita 4,566 ililipuka kwa mara ya mwisho mwaka 1910, na miamba na majivu yake yana sodiamu na floraidi kwa wingi lakini kalsiamu kidogo. Maji ya mvua yakipenya humo huiyeyusha floraidi taratibu, na kwa kuwa kalsiamu ni haba, hakuna cha kuinasa ibaki ardhini. Kadiri maji yanavyokaa ndani ya miamba ndivyo yanavyozidi kuibeba. Ndiyo sababu chemchemi za juu, karibu na msitu, kwa kawaida huwa na nafuu, wakati visima na mito inayopita kwenye majivu na vifusi vya upande wa mashariki hubeba kiasi kikubwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Katika mto Maji ya Chai vipimo vimekuta zaidi ya miligramu 10, na katika maziwa ya Momella, ambayo hakuna anayeyanywa, ni mamia ya miligramu kwa lita.

Viwango vya Tanzania vyenyewe vina historia inayogusa vinywa vya watu walio hai leo. Mwaka 1974 viliwekwa viwango vya muda kwa maji ya vijijini vilivyoruhusu hadi miligramu 8, kwa kuwa kushikilia kiwango cha kimataifa kungefunga vyanzo ambavyo havikuwa na mbadala. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, na sasa ni 1.5. Mzee wa Arumeru anayekwenda Ulaya kumtembelea mwanawe mwenye meno ya kahawia alimnywesha mwanawe huyo, na hata wajukuu zake wa kwanza, maji ambayo serikali iliyahesabu kuwa yanafaa. Hakuna uzembe wa mtu katika rangi ile. Jambo hilo linastahili kusemwa waziwazi, maana watu wengi wa Arusha wamekulia katika utani na dharau kuhusu meno yao, wakaambiwa kwamba hawapigi mswaki.

Floraidi huliathiri jino likiwa bado linaumbwa ndani ya taya. Seli zinazojenga enameli hushindwa kuikamilisha kazi yake, na enameli hubaki na vinyweleo vidogo chini ya tabaka jembamba la juu lililo gumu. Jino huota na mistari au mabaka meupe. Rangi ya kahawia huingia baadaye, vinyweleo vinaponyonya rangi za chakula na vinywaji. Hali ikiwa kali, uso wa enameli humeguka na kuacha vishimo. Kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu, kilichotungwa na Thylstrup na Fejerskov wa Denmark mwaka 1978, hupanga madhara hayo kutoka 0 hadi 9. Kwa meno ya mbele ya juu, hatari kubwa huwa kabla ya mtoto kutimiza miaka mitatu. Akifika miaka minane, meno yote yanayoonekana anapocheka yamekwisha kuumbwa na maji hayawezi tena kuyapaka doa la aina hiyo. Meru haiko peke yake duniani. Huko Colorado, Marekani, daktari Frederick McKay alianza mwaka 1901 kuchunguza meno ya kahawia ya wenyeji, na ilichukua hadi mwaka 1931 kwa chanzo chake, floraidi ya maji, kutambuliwa.

Maji nayo si chanzo pekee. Magadi yanayotiwa kwenye makande au maharage ili yaive upesi huwa na floraidi, na utafiti uliofanywa katika mikoa ya kaskazini umekuta watoto wenye meno yenye madoa hata katika vijiji ambavyo maji yake si mabaya. Anayetaka kujua kwa nini meno yake yaliharibika ilhali ya binamu yake wa kijiji cha jirani ni meupe afikirie sufuria pamoja na bomba.

Doa la floraidi, hata hivyo, haling'oi jino. Mapengo ya watu wa ukanda huu yana sababu zake, na kila sababu huacha mfupa wa namna yake. Kuna meno yaliyooza yakang'olewa kwa sababu zahanati ya karibu haikuwa na njia ya kuyatibu mizizi. Katika vituo vingi vya vijijini kung'oa ndiyo tiba iliyokuwapo. Kuna ajali, na siku hizi bodaboda zimeongeza vijana waliopoteza meno ya mbele pamoja na kipande cha mfupa. Kuna ugonjwa wa fizi, ambao huula mfupa kabla ya kuliangusha jino. Miongoni mwa Wamaasai na Waarusha palikuwa na desturi ya kuwang'oa watoto meno mawili ya mbele ya chini, na wako watu wazima wengi wenye pengo hilo ambao hawakuwahi kuliona kuwa kasoro mpaka walipofika nchi isiyolijua.

Sababu moja inastahili uangalifu wa pekee kwa kuwa haionekani kwenye eksirei ya kawaida kwa daktari asiyeijua. Tangu miaka ya 1980 ilienea Tanzania imani kwamba mtoto mchanga mwenye homa au kuhara ana "meno ya plastiki", ambayo wengine huyaita ya nailoni: uvimbe mweupe kwenye ufizi ambao ni lazima ukatwe. Uvimbe huo ni chipukizi la kawaida la chonge. Waliokatwa wakiwa wachanga mara nyingi hukosa chonge za utotoni, na pengine chipukizi la jino la ukubwani huharibiwa pia, hivyo chonge la kudumu halioti au huota limepinda. Mfupa haujengeki vizuri mahali ambapo jino halikuota, na kipandikizi hapo huhitaji mfupa wa kuongezwa kwanza. Daktari wa ughaibuni atauliza kama jino liling'olewa au halikuota kabisa. Jibu la kweli huwa halijulikani mpaka mama au shangazi aliyeko nyumbani apigiwe simu.

Hata pengo la kawaida halisubiri. Jino likishang'olewa, ukingo wa taya hupoteza karibu nusu ya upana wake ndani ya mwaka mmoja, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi mitatu ya mwanzo. Aliyeng'olewa gego Tengeru akiwa kidato cha pili na kutaka kipandikizi akiwa na miaka arobaini atakutwa na ukingo mwembamba. Kwenye taya la juu, uwazi wa hewa ulio kando ya pua nao hushuka na kuchukua nafasi ya mizizi iliyoondoka. Picha ya CT ya taya huonyesha hayo kwa milimita, pamoja na njia ya neva ya taya la chini, ambayo ikiguswa na skrubu huacha ganzi ya mdomo isiyoisha. Upandikizaji unaofanywa kwa kutegemea eksirei bapa peke yake, katika mfupa uliokonda hivyo, ni kubahatisha. Upande wa pili wa umri pia una mipaka: kipandikizi hakikui na taya, kwa hiyo kijana aliyehamishwa na wazazi wake husubiri hadi ukuaji wa uso ukome, karibu na miaka 18 kwa wasichana na zaidi ya hapo kwa wavulana. Katika muda huo huvaa jino la bandia la kuvua.

Suala gumu kuliko yote kwa mtu wa Meru ni rangi. Kibao cha rangi kinachotumiwa katika kliniki nyingi duniani, cha kampuni ya VITA ya Ujerumani, kina vipande 16 vya kauri, kuanzia A1 hadi D4. Daktari humkalisha mgonjwa karibu na dirisha, huondoa rangi ya mdomo kama ipo, kisha huweka kipande kimoja kimoja kando ya jino la jirani. Kazi hiyo hufanywa mwanzoni kabisa, kabla kinywa hakijafunguliwa muda mrefu, kwa kuwa enameli iliyokauka hupauka, na enameli yenye vinyweleo vya floraidi hupauka upesi zaidi: mabaka meupe yaliyokuwa hafifu huwaka ndani ya dakika chache, na kipande kilichochaguliwa wakati huo hakitafanana na jino lile asubuhi inayofuata. Hata kikichaguliwa kwa wakati, vipande vyote 16 vina rangi iliyotulia, isiyo na doa wala mstari. Jino la Meru lina mstari mweupe juu, utepe wa kahawia katikati, na pengine vishimo viwili karibu na ncha. Taji la A2 lililowekwa katikati ya meno hayo huonekana kama bati jipya kwenye paa la zamani.

Kuna njia mbili za kulitatua hilo, na ni lazima moja ichaguliwe kabla ya taji kuagizwa, maana kauri haibadiliki rangi baada ya kuchomwa kwenye tanuru. Njia ya kwanza ni kulifananisha jino jipya na wenzake. Fundi sanifu wa maabara ya meno hupaka madoa ya kauri kwa brashi, tabaka kwa tabaka, akifuata picha zenye mwanga mzuri au, bora zaidi, akiwa amemwona mgonjwa ana kwa ana. Kazi hiyo ni ya ufundi wa hali ya juu, na fundi aliyezoea kutengeneza meno yaliyotakata yasiyo na doa anaweza kuhitaji kuirudia mara mbili au tatu. Wapo wanaoitaka kwa moyo wote, kwa kuwa uso wao wanaujua hivyo na ndugu zao wana meno hayohayo.

Njia ya pili ni kuyang'arisha meno ya jirani kwanza. Madoa ya juujuu huondolewa kwa kusugua kwa mchanganyiko wa asidi na unga laini wa mawe, ambao hula sehemu ndogo tu ya milimita ya enameli. Dawa za kung'arisha zenye peroksaidi hupunguza ukahawia na kuyafanya mabaka meupe yasijitokeze sana. Kuna pia utomvu wa kitabibu unaopenya kwenye vinyweleo na kuyafifisha mabaka hayo. Baada ya hapo husubiriwa kiasi cha wiki mbili ili rangi itulie, ndipo taji huchaguliwa. Vishimo vikiwa vikubwa, meno hufunikwa kwa maganda membamba ya kauri, lakini hapa enameli ya floraidi huleta tabu nyingine: tabaka lake la juu hustahimili asidi inayotumiwa kulikwaruza ili gundi ishike, na ganda lililobandikwa kwa utaratibu wa kawaida hubanduka mapema. Daktari anayeijua hali hiyo hurefusha muda wa asidi au huukwaruza uso kidogo kwanza. Asiyeijua anaweza hata kulidhania doa kuwa jino lililooza, au kuwa athari ya dawa ya tetrasaiklini, akaanza kuchimba. Sentensi moja ya mgonjwa, kwamba alikulia kwenye eneo la maji ya floraidi, huokoa meno mazima.

Kosa kubwa zaidi ni lile la kuyasaga meno yote ya mbele yawe vigingi na kuyavisha mataji meupe kwa pamoja, huduma inayouzwa kwa bei ya jumla katika vituo vya utalii wa meno. Chama cha Madaktari wa Meno cha Uingereza kimewahi kutahadharisha kuhusu matibabu ya namna hiyo. Kwa mtu wa Meru ni hasara maradufu. Jino lake lenye doa mara nyingi ni zima chini ya doa hilo, na tishu inayosagwa hairudi. Mataji huisha muda wake, na kila yakibadilishwa kisiki hupungua, mpaka mgonjwa aliyekuja na pengo moja anajikuta akihitaji vipandikizi sita.

Floraidi pia huulizwa kuhusu skrubu yenyewe. Katika maabara, floraidi ikichanganyika na asidi huweza kuitafuna titani. Ndiyo sababu jeli za floraidi zenye asidi, ambazo madaktari wa meno huwapaka watoto na ambazo huwa na sehemu 12,300 kwa milioni, hazipakwi kwenye vipandikizi. Maji ya Meru hayafanani nazo: si ya asidi, na hata yale ya mto Maji ya Chai yana floraidi pungufu kuliko jeli hizo kwa takriban mara elfu moja. Anayerudi kuishi Arumeru hana sababu ya kuhofia kwamba maji yatakiozesha kipandikizi chake, na dawa ya kawaida ya mswaki inamfaa.

Mfupa ni jambo jingine. Mwaka 1964 Grech na Latham walieleza athari za floraidi katika eneo la kaskazini mwa Tanganyika, yakiwamo mabadiliko ya mifupa. Mtu aliyekunywa maji yenye floraidi nyingi sana kwa miaka mingi anaweza kuwa na mfupa mzito lakini mwepesi kuvunjika, viungo vilivyokakamaa, na kwa watoto, miguu iliyopinda. Kipandikizi hushikwa na mfupa unaojijenga upya, kwa hiyo mgonjwa mwenye maumivu ya mgongo na ugumu wa viungo aliyetoka katika vijiji hivyo anapaswa kupigwa eksirei za mifupa kabla ya upasuaji. Vihatarishi vinavyojulikana zaidi vinabaki vilevile kwa kila mtu: sigara, kisukari kisichodhibitiwa, ugonjwa wa fizi ambao haujatibiwa, na baadhi ya dawa za mifupa na saratani.

Baada ya hayo ndipo inapokuja kalenda. Kwa utaratibu wa kawaida mfupa hupewa miezi mitatu hivi kwenye taya la chini na hadi sita kwenye la juu kabla ya taji kuwekwa. Ukiongezwa mfupa kwanza, miezi minne au zaidi hutangulia. Likizo ya wiki nne ya Desemba, ambayo ndiyo wengi wa ughaibuni huipanga kwa ajili ya Arusha, hutosha kuzamisha skrubu au kuweka taji. Haitoshi vyote viwili, isipokuwa katika hali chache ambapo mfupa ni mzuri na jino la muda linaweza kuwekwa mapema bila kutafuniwa. Anayepandishwa sakafu ya uwazi wa hewa wa taya la juu huambiwa asipande ndege na asipenge kamasi kwa nguvu kwa takriban wiki mbili. Safari ya kupanda Meru au Kilimanjaro katika likizo hiyo iahirishwe.

Gharama zinatofautiana kwa namna inayowashawishi watu kusafiri. Nchini Uingereza kipandikizi kimoja na taji lake huwa kati ya pauni 2,000 na 3,000 kwa kawaida, na huduma ya afya ya taifa hukilipia kwa nadra sana, kama vile baada ya saratani au ajali mbaya. Marekani ni dola 3,000 hadi 5,000, na bima nyingi hulipa sehemu ndogo au hukataa. Ujerumani bima ya lazima hutoa ruzuku maalumu inayokokotolewa kwa tiba ya kawaida ya pengo, na salio hubebwa na mgonjwa. Ruzuku hiyo huongezeka kwa aliyehudhuria ukaguzi wa meno kila mwaka na kugongewa muhuri kwenye kijitabu chake, jambo ambalo wahamiaji wapya wengi huligundua wakiwa wamechelewa. Istanbul, ambako ndege hutoka moja kwa moja hadi uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), na miji ya India ambayo Watanzania wameizoea kwa matibabu makubwa, huwa nafuu zaidi. Nafuu hiyo ni ya kweli pale tu nauli za safari mbili, malazi, na safari ya tatu ya dharura vinapoingizwa kwenye hesabu.

Kwa aliyeko Afrika Mashariki, Nairobi ina faida ambayo bei haionyeshi. Ni mwendo wa saa tano hivi kwa barabara kutoka Arusha kupitia Namanga, na mgonjwa anaweza kwenda asubuhi skrubu ikilegea. Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha madaktari wa meno tangu miaka ya 1970. Tanzania nayo ilianza mafunzo ya shahada Muhimbili mwaka 1979, na Dar es Salaam ndiko wataalamu wa upasuaji wa kinywa walikojaa zaidi, ingawa hospitali ya KCMC ya Moshi na hospitali na kliniki za Arusha zimewaweka karibu na watu wa kaskazini. Daktari wa Tanzania Bara husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na wa Kenya na baraza la huko, na mgonjwa ana haki ya kuthibitisha usajili huo kabla ya kulala kwenye kiti. Madaktari wa kaskazini wana ujuzi mmoja usiopatikana Ulaya: wanaona meno ya floraidi kila siku. Mgawanyo wenye busara kwa mtu wa ughaibuni anayerudi kila mwaka ni kushughulikia rangi ya meno ya jirani Arusha au Moshi, kwa wanaoijua, na skrubu na taji kufanywa anakoishi, ambako atakuwapo kwa ufuatiliaji.

Arusha yenyewe ni ughaibuni kwa wengine. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa 2015, ilileta wafanyakazi kutoka nchi nyingi. Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu zinaendelea kuwaleta. Mtu mzima anayehamia mitaa ya Njiro au Sakina hapati madoa ya floraidi, maana meno yake yalikwisha kuumbwa. Mtoto wake ndiye wa kuangaliwa. Maziwa ya mama hayana floraidi ya kuhesabika hata mama akinywa maji ya Arusha, lakini maziwa ya unga yakikorogwa kwa maji yenye floraidi humpa mtoto kiasi kikubwa katika umri ule ule ambao meno ya mbele yanaumbwa. Kuchemsha hakusaidii; maji hupungua na floraidi hubaki. Mkaa wa mifupa, uliofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huinasa, na Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru alishinda mwaka 2015 tuzo ya uhandisi barani Afrika kwa chujio linaloweza kutengenezwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali. Mradi mkubwa wa maji wa jiji, uliogharimu takriban shilingi bilioni 520, umeongeza vyanzo vipya. Anayenunua maji ya chupa asome lebo. Nyingi huandika miligramu za floraidi.

Palipo na sababu za kutopandikiza, tiba za zamani bado zipo: jino la kuvaa na kuvua, ambalo ni rahisi na linaweza kutengenezwa upya popote, na daraja linaloegemea meno ya jirani. Daraja la kubandikwa kwa gundi nyuma ya jino moja hufaa kwa meno ya mbele ya chini, yakiwamo mapengo ya desturi, ambako mfupa mara nyingi ni mwembamba mno kwa skrubu. Kwenye enameli ya floraidi gundi hiyo huhitaji maandalizi yaleyale ya maganda ya kauri.

Aliyepandikizwa nchi moja na kuishi nyingine ahifadhi karatasi zake kwa uangalifu uleule anaoutumia kwa cheti cha kuzaliwa. Kuna mamia ya aina za vipandikizi duniani, na kila aina ina bisibisi na kiungo chake. Daktari asiye na jina la kampuni, kipenyo, urefu na namba ya toleo hawezi kuagiza hata skrubu moja ndogo. Karatasi hizo, pamoja na picha ya CT na picha za rangi ya meno zilizompa fundi mwongozo, zitunzwe na mgonjwa mwenyewe, kwenye simu na kwenye bahasha. Ukaguzi hufanywa angalau mara moja kwa mwaka, kwa kuwa ufizi unaovuja damu kuzunguka kipandikizi hauumi mwanzoni, na mfupa unaoliwa hapo haurudi kwa urahisi. Taji likianza kucheza, kwa kawaida skrubu ya kiungo imelegea, na kwa mwenye bisibisi sahihi ni kazi ya dakika chache ikiwahiwa kabla skrubu haijakatika. Kipandikizi chenyewe kikicheza ndani ya mfupa, hakiokoleki: hutolewa, mfupa huachwa upone kwa miezi kadhaa, kisha hupimwa upya kama unaweza kupokea kingine.